Hina, Rangi na Mkono wa Kushoto

Siku za mwisho za Ramadhani, Biashara Street mjini Mombasa haipitiki. Wanawake wamejaa madukani wakichagua leso na vitambaa vya Idi, na pembeni mwa njia wachuuzi wametandaza vichupa vya rangi ya kucha, koni za hina, pamba na asetoni. Wengi wa wanunuzi hao saluni hawaendi. Watavitia vitu vyao mkobani, watapenya vichochoro vya Mji wa Kale hadi Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu, watapanda ngazi, na kazi yenyewe itafanyika ukumbini, buibui likiwa limeangikwa na mlango umefungwa.

Si kwamba saluni hakuna. Kisiwa cha Mombasa kinazo tele, na ukivuka daraja kwenda Nyali utazikuta zenye viti vya ngozi na viyoyozi. Lakini anayedhani kwamba mwanamke wa Mji wa Kale hujitengenezea kucha nyumbani kwa sababu amekosa pesa za saluni, ameisoma hadithi kinyumenyume. Kazi ya mkono ilikuwa ya nyumbani tangu hapo. Saluni ndiyo iliyokuja juzi.

Sababu ya kwanza ni nyumba zenyewe na adabu zake. Urembo wa huku huonekana pale buibui linapovuliwa: kwa mume, kwa mashoga, kwa wakwe, na zaidi ya yote kwenye harusi za wanawake, ambako macho huanza kichwani na kumalizikia kwenye kucha za miguu. Dar es Salaam kuna vijana wa kiume wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi, wakiosha wateja miguu na kuwapaka kucha barazani. Biashara hiyo ikiletwa Mji wa Kale haitaiona Ijumaa ya pili. Rangi haina kosa. Tatizo ni kumpa mwanamume wa kando mkono aushike.

Sababu ya pili ni umri wa desturi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha huku yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Humo, pamoja na mambo ya dini na ya unyumba, alimhimiza hina isimkosekane kwenye kucha. Agizo hilo limekaa katikati ya pete, wanja na manukato, kama jambo la kila siku lisilohitaji kuelezewa. Mombasa kazi hiyo kwa mwari ilikuwa mikononi mwa somo, yule kungwi anayemfunda na kumsimamia hadi anaingia nyumbani kwake. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, aliwapa makungwi hao nafasi yao katika historia ya mji. Mwari alipokuwa ndani akisingwa kwa liwa na kutiwa hina, alikuwa anasoma pia, na baadaye yeye mwenyewe angejua kumfanyia dadake.

Basi tuanze na hina, maana ndiyo mama wa kazi hii.

Zamani majani ya mhina yalikaushwa kivulini, yakatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Siku hizi unga huja tayari, mwingi kutoka India na Pakistani, lakini mjuzi bado huuchekecha, kwa kuwa vijiti vilivyobaki huziba koni na kuacha rangi ya mabaka. Hukandwa kwa maji ya ndimu, au kwa chai ya rangi iliyopoa, sukari kidogo ikaongezwa ili ushike, na matone ya mafuta ya karafuu au ya mkaratusi. Kisha hulazwa. Kulazwa huko ndiko kunakoleta rangi. Ndani ya jani mna kitu kiitwacho lausoni, ambacho asidi hukitoa polepole. Kikikutana na keratini, ile protini ambayo ndiyo kucha yenyewe, hushikana nayo kabisa. Ndiyo maana hina kwenye kucha haichubuki, haiondoki kwa asetoni, na haizuii maji ya udhu. Rangi ya kucha hukaa juu ya ukucha, lakini hina huingia ndani yake.

Kwa kucha peke yake huhitaji ufundi wa maua. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye ncha ya kidole bila kutiririka. Kila ncha ifunikwe, izungushiwe kijikaratasi cha nailoni au kitambaa, kisha mtu alale, chini ya mikono kukiwa na leso kuukuu, la sivyo shuka nayo itatoka imepambwa. Asubuhi kosa la wengi ni kukimbilia bomba na sabuni. Hina ikikauka hukwanguliwa, vidole vikapakwa mafuta ya nazi, na maji yakaepukwa kadiri kazi za nyumba zinavyoruhusu. Itatoka ya chungwa na kukutia wasiwasi. Ngoja siku mbili, itakolea yenyewe.

Kwenye kiganja hina huisha baada ya wiki mbili au tatu. Kwenye ukucha haifutiki, ila hukua na kuondoka. Kucha za mikono huongezeka karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo huchukua kama miezi sita ukucha mzima kubadilika, na wa kidole gumba cha mguu unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Wenye macho makali hutumia hesabu hiyo kwa umbea: ukimwona bi harusi ana utepe wa milimita sita usio na rangi kwenye shina la ukucha, unajua ana miezi miwili tangu aolewe, hata kama yeye anasema ni juzi tu.

Neno moja kuhusu ndimu, kwa kuwa kila jiko la Mombasa linazo na wengi huzisugua kwenye kucha wakitafuta weupe. Asidi yake hukausha ukucha na ngozi inayouzunguka. Baya zaidi ni kutoka na maji ya ndimu mikononi ukaingia kwenye jua la saa saba, sema ukielekea sokoni Marikiti. Ndimu ina viini ambavyo vikipigwa na miale ya jua huunguza ngozi kwelikweli, yakatoka malengelenge na kuacha madoa meusi yanayodumu wiki nyingi. Anayekamulia hina ndimu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda hata darini kuanua nguo.

Sasa piko. Harusi ya Mswahili haikamiliki bila weusi wa piko kuzungushiwa wekundu wa hina, na kwa uzuri sina la kusema: mkono wenye rangi hizo mbili ukiwekwa juu ya leso mpya hakuna vito vinavyoufikia. Lakini weusi huo hautoki kwenye jani. Hina halisi haiwi nyeusi tititi, wala haishiki kwa dakika kumi. Weusi wa haraka kwa kawaida hutoka kwenye unga wa kupaka nywele, wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, inayojulikana kwa herufi PPD. Katika rangi ya nywele kemikali hiyo huruhusiwa kwa kiwango maalumu, na pakiti huonya ijaribiwe kwanza mahali padogo. Kuipaka kwenye ngozi ya mkono, ikae saa nzima, ni jambo jingine. Sudan, ambako wanawake nao huchanganya unga huo na hina, madaktari waliandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhusu watu waliofika hospitali wakiwa mahututi kwa sumu yake.

Wengi hawafiki huko, na hapo ndipo hatari inapojificha. Mara ya kwanza huenda usione chochote. Mara ya tatu ngozi inavimba kwa kufuata ua lilivyochorwa, inatoa maji, na ikipona inaacha alama ya ua lile lile. Mwili ukishaikataa PPD hauikubali tena: hata miaka thelathini baadaye, mvi zikija na ukataka kupaka nywele rangi, kichwa kitawaka. Kwa hiyo, anayejipamba nyumbani ana nafasi ambayo mteja wa saluni hana, nayo ni kujua kilichomo ndani ya bakuli. Koni isiyoandikwa kilichomo, inayonuka kama petroli, inayoahidi weusi kwa dakika chache, iachwe dukani. Watoto wasipakwe piko hiyo kabisa. Msichana wa miaka saba akitaka kufanana na dadake bi harusi, hina nyekundu inamtosha.

Rangi ya chupa ina asili nyingine kabisa. Msingi wake ni nitroselulosi iliyoyeyushwa, jamaa ya rangi iliyopakwa magari miaka ya 1920, na Revlon ilianza kwa rangi ya kucha mwaka 1932. Mombasa chupa yoyote huitwa Cutex, iwe imetoka China au Uturuki, ingawa kampuni ya jina hilo ilianza mwaka 1911 kwa kuuza maji ya kulainisha ngozi ya shina la kucha. Ilipofika Mji wa Kale rangi hiyo ilikutana na swali ambalo watengenezaji wake hawakuwahi kulifikiria: maji ya udhu yatapitaje?

Hayapiti. Kwa hiyo rangi hutolewa kabla ya udhu, na mwanamke anayeswali mara tano hawezi kuivaa wiki nzima kama wenzake wa Nairobi. Hii ndiyo siri ya kalenda ya rangi katika mji huu. Hupakwa siku ambazo mwanamke ana udhuru wa kutoswali, na kwa kuwa kila mtu anajua hivyo, msichana anayeingia ukumbini na kucha nyekundu ameshatangaza habari zake kwa mama, shangazi na majirani bila kufungua mdomo. Wako wanaoona haya, wakapaka miguu tu na kuvaa soksi. Wako wanaopaka jioni baada ya Isha kwa ajili ya harusi, kisha asetoni ikafanya kazi kabla ya Alfajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Inglot ya Poland ilitoa rangi inayosemekana kupitisha hewa na maji, na ikasifiwa sana kwa Waislamu. Maulamaa hawakukubaliana juu yake, na mimi sioni ajabu: inategemea umepaka mara ngapi na kwa unene gani. Hina haijawahi kuhitaji mjadala huo.

Kuhusu kukata, dini ilishasema: kupunguza kucha ni katika mambo ya usafi wa maumbile, na zisiachwe kupita siku arubaini. Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya wengi, wanaume kwa wanawake. Wazee hawapendi zikatwe usiku, wala vipande vitupwe ovyo. Taa hafifu za koroboi, zilizofanya kukata usiku kuwe hatari, zimekwisha lakini katazo limebaki, na si baya.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Saluni huanza na bakuli la maji ya moto, mikono ikalowekwa. Nyumbani achana nalo. Ukucha hunywa maji, ukavimba na kupanuka. Ukipaka rangi hapo, utakapokauka na kurudi ukubwa wake rangi itapasuka siku ya pili. Isitoshe, maji ya kisiwani ni shida inayojulikana. Baadhi ya yale ya bomba husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, na yakikatika ni mkokoteni na mitungi, au kisima cha uani chenye chumvi. Mikono iliyotoka kuoga inatosha kabisa kwa kulainisha ngozi. Kwa rangi, subiri ikauke.

Kata kucha fupi kiasi cha kukunja manda za sambusa na kukanda mahamri bila unga kujificha chini yake. Tupa ya kucha ipitishwe upande mmoja, toka pembeni kuja katikati. Kwenda na kurudi kwa nguvu hutenganisha matabaka ya ukucha. Halafu ile ngozi nyembamba inayolala kwenye shina. Isukume taratibu kwa taulo baada ya kuoga, na usiikate. Najua saluni huikata, najua mkono hutoka nadhifu. Ngozi hiyo ni kizibo kinachozuia vijidudu visiingie ukucha unakozaliwa, na mwanamke anayekuna nazi kwenye mbuzi asubuhi, akaparua samaki mchana na kufua jioni ndiye wa mwisho anayepaswa kukitoa. Mdudu wa kidole huanzia hapo: kidole chekundu, kinapwita usiku, hakigusiki hata na shuka. Vijingozi vinavyochomoza pembeni ndivyo vya kukatwa, kwa mkasi safi, na visivutwe kwa meno.

Mafuta ya nazi yanatosha, na sioni haja ya vichupa vya bei kubwa vyenye picha ya mlozi. Ila yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Na siku ya rangi yasitangulie: ukucha wenye mafuta haushiki chochote, ufutwe kwanza kwa asetoni.

Rangi ipakwe nyembamba mara mbili, si nene mara moja, juu ya tabaka la kwanza lisilo na rangi. Bila tabaka hilo nyekundu itaacha umanjano, na mpishi wa Mombasa tayari ana umanjano wa kutosha kutoka kwenye bizari. Zima feni. Najua ni kuomba mengi mwezi wa Februari, lakini upepo mkali hukausha juu kabla ya chini, vikatokea vipovu.

Mkono wa kulia huupaka wa kushoto vizuri, kisha inafika zamu ya wa kushoto kulipa. Wako wanaoshinda peke yao. Huanza na mkono mgumu kabla hawajachoka, huegemeza kiwiko mezani, hushika brashi bila kuitikisa na kuzungusha kidole kinachopakwa, na yaliyomwagika huyafuta kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba yenye asetoni. Lakini ukumbini mara nyingi suluhisho ni wifi. Mkono wako uko kwake, umelowa rangi, huwezi kuondoka wala kushika simu, na hapo ndipo wifi huuliza yale ambayo angeshindwa kuyauliza mezani: kaka amerudi saa ngapi jana, na ile pesa ya mchezo iko wapi. Bei ya saluni ni ndogo kuliko baadhi ya maswali hayo.

Kuhusu jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa, nitasema machache, kwa kuwa taa zake zimeshaingia majumbani. Ukiacha kwamba stima ikipotea katikati kazi imelala, na kwamba rangi isiyotoka kwa wiki tatu haimfai anayetawadha, tatizo lake kubwa ni kemikali za akrilati. Zikigusa ngozi kabla hazijakauka, mwili unaweza kuzikataa maisha yote, na baadhi ya dawa za kuzibia meno zina ndugu zake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TPO, kiungo kimojawapo cha jeli hizo, kuanzia Septemba 1, 2025. Jeli ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Na anayeinyofoa kwa meno hung'oa tabaka la ukucha wake pamoja nayo.

Kisha kuna siku za kuziacha kucha zipumzike bila kitu, na si kwa sababu zinahitaji hewa. Ukucha hulishwa na damu iliyo chini yake. Ni ili zionekane. Muuguzi wa kliniki hutazama kucha, ndani ya kope na viganja akitafuta upungufu wa damu. Kabla ya upasuaji utaambiwa utoe rangi, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi nzito inaweza kukidanganya. Mwenye hina hana la kutoa, basi amwambie muuguzi mapema, kifaa kinaweza kubanwa kwenye ndewe ya sikio. Vidoa vyeupe visikutishe, mara nyingi ni alama ya ukucha kugongwa. Mistari myembamba ya weusi inayoteremka kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi, hasa umri unapokwenda. Mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au weusi uliovuka hadi kwenye ngozi ya shina, ni wa kupelekwa kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo, na uende na kucha tupu.